Mwenyeji, Mgeni na Faragha: Historia Fupi ya Istilahi za Mashine Pepe

1. Utangulizi

Kila fani mpya huja na maneno yake, na kila neno huja na mzigo wake. Mtafsiri anayelipokea neno bila kuufungua mzigo huo hujikuta amevusha mpakani bidhaa asiyoijua. Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache ya fani ya kompyuta, yaani yale yanayohusu mashine pepe na mawasiliano yake ya mtandao, ili kuonyesha yalikotoka, yaliahidi nini tangu mwanzo, na ni jambo gani ambalo hayakuliahidi kamwe.

Swali linalotuongoza ni hili: mtu anapoendesha mashine pepe ndani ya kompyuta fulani, je, mawasiliano ya mashine hiyo yaweza kufichika yasionwe na kompyuta inayoibeba? Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni swali la mafundi peke yao. Lakini tumeona kwamba jibu lake limefungamana na maneno matatu ambayo matini zetu huyatumia kana kwamba ni mamoja, nayo ni utenganisho, usiri na faragha. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya nayo ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019, na Katiba yake ya 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha ya mawasiliano. Kwa hiyo ofisa anayetia saini mkataba wa kukodi kompyuta kwa ajili ya majalada ya wagonjwa au ya wanafunzi atategemea neno tutakalompa sisi. Tukimpa neno kubwa kuliko jambo lenyewe, tutakuwa tumempa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

2. Kitu chenyewe

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tueleze kitu chenyewe. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na kiwiliwili chake yenyewe. Ni programu inayoiga kompyuta kwa ukamilifu kiasi kwamba mfumo endeshi uliowekwa ndani yake hufanya kazi kana kwamba uko peke yake juu ya mashine ya chuma. Ina kumbukumbu, ina diski, ina kadi ya mtandao; lakini vyote hivyo ni mafungu yaliyokatwa katika kumbukumbu, diski na kadi ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Kati yao ipo programu inayogawa mafungu hayo na kusimamia zamu, ambayo katika makala haya tutaiita msimamizi mkuu.

Jina hili la mwisho lina asili yake. Katika miaka ya 1960 sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi iliitwa kwa neno lenye maana ya msimamizi. Ilipotokea programu iliyokaa chini ya mifumo endeshi kadhaa na kuisimamia yote, wahandisi walichukua neno lile lile wakalipandisha daraja kwa kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya ‘zaidi ya’. Hivyo basi ni msimamizi wa wasimamizi. Baadhi ya waandishi wetu hupenda kulitohoa neno la kigeni wakaandika haipavaiza. Sisi hatuoni sababu ya kufanya hivyo, maana msimamizi mkuu ni cheo kinachoeleweka katika kila ofisi, nacho kinasema wazi nani ana amri juu ya nani.

3. Chimbuko: Cambridge, 1964 hadi 1972

Mashine pepe hazikuzaliwa pamoja na intaneti, zimeitangulia. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilianzisha kituo cha utafiti wa kisayansi mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwishoni mwa mwaka huo kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilianza kuunda mfumo uliopewa jina CP-40. Kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali mno, na moja iliweza kujaza chumba kizima, hata ikawa hapana budi watu wengi washirikiane moja. Creasy na wenzake waliamua kumpa kila mtumiaji kitu kilichofanana na kompyuta nzima yake mwenyewe. CP-40 ilianza kutumika Januari 1967 juu ya kompyuta ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho, nayo iliweza kubeba mashine pepe 14 kwa pamoja. Ikafuatwa na CP-67, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370, mfumo uliouzwa kwa wateja wengi na ambao vizazi vyake vingali vikitumika hadi leo.

Kwa msomi wa istilahi lipo jambo la kupendeza katika habari hii. Hapo mwanzo wana-Cambridge hao waliziita mashine zao kwa jina lenye maana ya mashine za bandia. Baadaye wakaliacha, wakachukua neno lililokuwa likitumiwa na watafiti wengine wa IBM katika mradi wa M44/44X, neno lenye maana ya kitu kisicho na umbile la kitu halisi lakini chenye nguvu na athari ya kitu halisi. Mabadiliko hayo yanatufaa sisi pia. Katika Kiswahili noti bandia ni noti ya udanganyifu, na meno bandia ni meno ya kutengenezwa. Mashine ya Creasy haikumdanganya mtu. Hesabu iliyofanywa ndani yake ilikuwa hesabu ya kweli. Katika matini za siku hizi tunakutana na mashine pepe na mashine dhahania. Neno dhahania linaelekea kwenye mambo yaliyomo akilini tu, ilhali mashine hii hufanya kazi na kutumia umeme. Tumechagua pepe, kwa sharti moja tu: msomaji asilifunge neno hilo katika barua pepe, ambamo linadokeza njia ya kupelekea, bali alikubali pia kwa kitu kinachotenda bila kiwiliwili chake.

Katika CP-67 na VM/370 tunakuta pia mfano wa kwanza wa jambo linalotuhusu. Mtumiaji mmoja alipotaka kumpelekea mwenzake taarifa, aliweza kuzitoboa katika kadi, si kadi za karatasi bali kadi pepe, kwa kitoboleo pepe. Nazo zikatokea katika kisomeo pepe cha mwenzake. Aliyezichukua kadi hizo na kuzifikisha alikuwa msimamizi mkuu. Yaani tangu siku za awali, neno lililotoka kwa mgeni lilipita mikononi mwa mwenyeji. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mwenyeji na wageni wote walikuwa watumishi wa taasisi moja na waliishi chini ya paa moja.

4. Fasili ya 1974

Miaka kumi baada ya kazi ya Cambridge kuanza, wataalamu wawili wa Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg, walichapisha makala ambayo hata leo ndiyo msingi wa fani hii. Walitaja masharti matatu. Kwanza, programu iendeshwayo ndani ya mashine pepe lazima ifanye kazi kama ambavyo ingefanya juu ya mashine halisi. Pili, sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na mashine halisi moja kwa moja, ili pasiwe na upungufu mkubwa wa kasi. Tatu, msimamizi mkuu lazima awe na mamlaka kamili juu ya mali yote ya kompyuta.

Tunamwomba msomaji alitazame sharti la tatu mara mbili. Mamlaka kamili ya msimamizi mkuu hayakuingia katika mashine pepe kama kasoro iliyosahauliwa na mafundi. Yamo katika fasili yenyewe. Mashine isiyotawaliwa hivyo haikuhesabiwa kuwa mashine pepe. Ahadi iliyotolewa ilikuwa na pande mbili tu: mgeni asiweze kumdhuru mgeni mwenzake, na mgeni asiweze kumdhuru mwenyeji. Upande wa tatu, yaani mwenyeji asiweze kumchungulia mgeni, haukutajwa.

Si kwamba wataalamu wa wakati huo hawakuwaza habari ya siri. Mwaka 1973 Butler Lampson alichapisha makala fupi juu ya tatizo la kuizuia programu isivujishe habari za anayeitumia, naye akaonyesha kwamba habari zaweza kuvuja hata kwa njia ambazo hazikukusudiwa kabisa kuwa njia za mawasiliano. Mwaka huo huo Stuart Madnick na John Donovan walieleza kwamba mashine pepe zaweza kuongeza usalama kwa kumtenga mtumiaji na mtumiaji. Lakini katika mjadala wa namna hii hofu ilikuwa juu ya jirani au programu ya kuazimwa. Mwenye nyumba hakushukiwa.

5. Mwenyeji ni nani?

Neno la Kiingereza ambalo tumelitafsiri kwa mwenyeji lina historia mbili, na hapo ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Tarehe 7 Aprili 1969 Steve Crocker, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitoa waraka wa kwanza katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi ambao ungali ukiendelea hadi leo. Kichwa cha waraka huo kilitaja programu za wenyeji. Hapo wenyeji walikuwa kompyuta kubwa za vyuo zilizounganishwa na mtandao wa ARPANET. Ziliitwa hivyo kwa kuwa ziliwahudumia watumiaji wake. Tangu hapo, katika lugha ya mtandao, kompyuta yoyote yenye anwani yake huitwa kwa neno hilo. Katika lugha ya mashine pepe neno hilo hilo lina maana nyembamba, yaani kompyuta inayobeba mgeni.

Matokeo yake ni kwamba mashine pepe, ambayo ni mgeni kwa maana ya pili, ni mwenyeji kwa maana ya kwanza, kwa sababu nayo ina anwani katika mtandao. Mtafsiri asiyejua habari hii ataandika kwamba mwenyeji amempelekea mwenyeji pakiti kupitia kwa mwenyeji, na msomaji atabaki ameduwaa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maana ya mtandao tuseme kompyuta ya mtandao, na mwenyeji tuliache kwa ile inayobeba.

Kwa maana hii ya pili neno letu ni zuri kuliko la asili. Ndani ya mwenyeji tunawasikia mwenye na mji. Mwenyeji ni yule mwenye mji, ajuaye njia zake, na ambaye mgeni hula kwake na kulala kwake. Wazee wamesema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maji yote ya mtungi hupita katika kata, na pakiti zote za mgeni hupita kwa mwenyeji.

6. Mashine pepe mezani

Kwa muda mrefu mashine pepe zilikuwa mambo ya kompyuta kubwa. Kompyuta ndogo zilizoenea katika miaka ya 1980 na 1990 zilitumia vichakato ambavyo havikutimiza masharti ya Popek na Goldberg. Mwaka 1998 kampuni ya VMware iliundwa huko California, na mwaka 1999 ikatoa programu iliyolivuka tatizo hilo kwa kutafsiri amri zenye matata wakati zikitekelezwa. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kuwa na mgeni katika kompyuta ya mezani kwake.

Watengenezaji wenyewe walieleza mwaka 2001 jinsi pakiti inavyosafiri katika mpango huo. Mgeni huiandika pakiti katika kadi ya mtandao ambayo kwa kweli ni picha tu ya kadi. Msimamizi huikamata, hubadilisha zamu, huikabidhi kwa mfumo endeshi wa mwenyeji, na mfumo huo ndio unaoitoa kwa kadi halisi. Pakiti inayorudi hupita njia ile ile kinyume.

Mtumiaji alipewa namna tatu za kumuunganisha mgeni na mtandao. Ya kwanza ni daraja: mgeni hupata anwani yake katika mtandao wa ofisi na huonekana kama kompyuta jirani. Ya pili ni ubadilishaji wa anwani: mgeni hujificha nyuma ya anwani ya mwenyeji, na kwa watu wa nje maneno yote huonekana kuwa ya mwenyeji. Ya tatu ni mtandao wa ndani: mgeni huzungumza na mwenyeji, na pengine wageni wenzake, basi.

Hapa pana dhana potofu iliyoenea. Watu huona kwamba katika namna ya daraja mgeni ana anwani yake, wakahitimisha kwamba mawasiliano yake hayapiti tena kwa mwenyeji. Sivyo. Daraja hubadili jina linaloonekana nje, halibadili njia. Pakiti bado hupita katika programu zinazoendesha kadi ya mwenyeji, na mtu mwenye mamlaka ya juu katika kompyuta hiyo aweza kuzinakili zote zikipita.

Ipo pia njia ya kumkabidhi mgeni kadi halisi ya mtandao iwe yake peke yake. Mfumo wa Qubes, uliobuniwa na Joanna Rutkowska wa Poland na wenzake na kutolewa kwa toleo la 1.0 mwaka 2012, uliligeuza jambo hili likawa kanuni. Katika Qubes kadi ya mtandao hukabidhiwa mgeni maalumu, na sehemu kuu yenye mamlaka juu ya wageni wote haina mtandao kabisa. Hata hivyo sehemu hiyo bado inatawala kumbukumbu ya wageni. Ulinzi uliopatikana ni kwamba anayekuja kwa njia ya mtandao ataikuta kwanza nyumba ya nje, asifike kwa urahisi kwenye nyumba ya ndani.

7. Kinachofichika na kisichofichika

Msomaji atauliza: kwa nini mgeni asisimbe maneno yake kwa mafumbo, ili mwenyeji ayabebe bila kuyaelewa? Ni swali la haki. Kampuni ya Netscape ilitoa mwaka 1995 utaratibu wa kusimba mawasiliano ya kurasa za intaneti. Mwaka 1999 ukarithiwa na utaratibu wa TLS, na toleo la 1.3 la utaratibu huo lilikamilishwa Agosti 2018. Mgeni anapotumia TLS, anayezinakili pakiti njiani hukuta maandishi yasiyosomeka.

Lakini hapana budi tutofautishe mambo matatu. La kwanza ni maneno yenyewe, yaani barua, picha au nywila. Hayo husimbwa. La pili ni habari za safari: anwani inayopelekewa, saa ya kupeleka, na ukubwa wa kinachopelekwa. Hizo hazifichwi na TLS. Hata jina la tovuti mara nyingi huonekana, kwa sababu mgeni huliuliza kwanza kwa daftari la majina ya mtandao. Na ingawa mwaka 2016 na 2018 zilitolewa kanuni za kusimba maulizo hayo, si kila mfumo unazitumia. Mtu aweza kuzificha habari za safari kwa kujenga njia iliyosimbwa kutoka ndani ya mgeni hadi kwenye kompyuta nyingine ya mbali anayoiamini. Hapo mwenyeji akitazama waya wake ataona mafumbo matupu yakienda kwenye anwani moja. Njia hiyo lazima ianzie ndani ya mgeni. Ikianzia kwa mwenyeji, basi mwenyeji ndiye afungaye mzigo, na mfungaji huona anachokifunga.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Ili mgeni asimbe na kusimbua, lazima awe na ufunguo, na ufunguo huo hukaa katika kumbukumbu yake. Kumbukumbu yake ni fungu la kumbukumbu ya mwenyeji. Mashine pepe ikisimamishwa kwa muda, kumbukumbu yake yaweza kuandikwa katika faili kwenye diski ya mwenyeji, pamoja na funguo zake zote. Katika nyumba zetu za vyumba vya kupanga, mpangaji huweka kufuli lake mlangoni, na mwenye nyumba aketiye ukumbini huona nani aingia na saa ngapi, lakini hajui yaliyomo chumbani. Mashine pepe ni chumba cha namna nyingine. Ufunguo wa mpangaji umetundikwa ukutani, na ukuta huo ni mali ya mwenye nyumba, naye ana uwezo wa kuupenya.

Wala uwezo huo haukutazamwa daima kuwa ubaya. Mwaka 2003 Tal Garfinkel na Mendel Rosenblum walieleza jinsi mwenyeji anavyoweza kuichungulia kumbukumbu ya mgeni ili kumgundua mvamizi aliyejificha humo. Jicho liwezalo kumwona mwizi ndilo jicho liwezalo kusoma barua.

8. Mwenyeji anapokuwa mtu mwingine

Hadi hapo mwenyeji na mgeni kwa kawaida walikuwa mali ya mtu mmoja au taasisi moja. Agosti 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa yeyote mwenye uwezo wa kulipa, na kampuni nyingine zikafuata. Hapo maneno yalibaki yale yale lakini uhusiano ulibadilika. Mwenyeji sasa alikuwa kampuni ya mbali, yenye mafundi ambao mgeni hatawaona maishani mwake, na iliyo chini ya sheria za nchi nyingine. Na mwaka 2009 Thomas Ristenpart na wenzake walionyesha kwamba katika huduma hizo mteja aliweza kutafuta kuwekwa katika kompyuta moja na mteja mwingine aliyemlenga, kisha akapata dalili za shughuli zake. Hofu ya Lampson ya 1973 ilikuwa imepata makazi mapya.

Watengenezaji wa vichakato walijaribu kuujaza ule upande wa tatu wa ahadi uliokuwa mtupu tangu 1974. Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilitangaza mpango wa kusimba kumbukumbu ya kila mgeni kwa ufunguo unaotunzwa na sehemu maalumu ya kichakato chenyewe, ambao hata msimamizi mkuu hapewi. Vichakato vya namna hiyo vya kompyuta kubwa vilianza kuuzwa mwaka 2017. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walionyesha kwamba msimamizi mkuu mwenye nia mbaya bado aliweza kumfanya mgeni atoe yaliyomo katika kumbukumbu yake bila mafumbo, kwa kuzichezea ramani za kumbukumbu ambazo zilikuwa bado mikononi mwake. Mwaka 2020 AMD ikaeleza marekebisho yaliyolenga kuziba pengo hilo, na Intel nayo ikatangaza mpango wake wa jinsi hiyo.

Historia hii yaonyesha kwamba ulinzi wa mgeni dhidi ya mwenyeji ni jambo jipya na la gharama, tena lenye masharti. Mtu aliyekodi mashine pepe ya kawaida hana ulinzi huo, hata kama mkataba wake umejaa maneno ya kutuliza moyo.

9. Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na hayo tunapendekeza kwa watafsiri, walimu na maofisa matumizi yafuatayo.

(a) Utenganisho. Litumike kwa hali ya mgeni kutoweza kumfikia mgeni mwenzake wala mwenyeji. Tusitumie kutengwa, kwa sababu neno hilo kwetu lina harufu ya adhabu ya kijamii. Utenganisho ni ukuta baina ya vyumba. Hausemi lolote juu ya mwenye nyumba.

(b) Usiri. Litumike kwa hali ya maneno kutosomeka na asiyehusika, hasa kwa njia ya kusimba. Mtu aweza kuwa na usiri njiani akaukosa nyumbani.

(c) Faragha. Hili ni neno pana na zito. Katika Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, faragha ni haki ya mtu, nayo inagusa nafsi, familia, maskani na mawasiliano. Mashine haina faragha. Mtu ndiye mwenye faragha. Kwa hiyo tusiliandike neno hili mahali ambapo matini ya asili inazungumzia ukuta au ufunguo tu.

(d) Binafsi. Neno la Kiingereza ambalo mara nyingine tunalitafsiri kwa faragha hutumika pia kwa mitandao na anwani, na huko maana yake ni kitu cha wenyewe, kisicho cha umma. Anwani zilizotengwa kwa mitandao ya ndani kwa waraka wa mwaka 1996 si siri kwa mtu yeyote. Vivyo hivyo, mtandao pepe binafsi ni mtandao wa wenyewe uliojengwa juu ya njia za watu wengine, na si kila mtandao wa namna hiyo husimba maneno. Tuandike binafsi au ya ndani.

(e) Mawasiliano au mapito ya pakiti. Tusiandike trafiki, kwa sababu kwa Waswahili trafiki ni askari wa barabarani. Panapotajwa yaliyomo, mawasiliano yafaa. Panapotajwa wingi na mwendo, mapito ya pakiti yafaa zaidi.

Ili umuhimu wa tofauti hizi uonekane, tuseme mkataba wa kigeni umeandika kwamba mashine ya kila mteja imetenganishwa na za wateja wengine. Mtafsiri wa kwanza anaandika: ‘Kila mteja atakuwa na faragha kamili.’ Wa pili anaandika: ‘Mashine pepe ya kila mteja itatenganishwa na mashine pepe za wateja wengine.’ Sentensi ya kwanza ni tamu masikioni. Lakini ofisa wa hospitali akiisoma ataweka humo habari za wagonjwa bila kusimba, akiamini kwamba hakuna awezaye kuziona. Akisoma ya pili, neno ‘wengine’ litamsimamisha, naye atauliza: na mwenye mashine je? Swali hilo moja laweza kuwa ndilo linaloihifadhi heshima ya mgonjwa.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba mashine pepe zilibuniwa ili watu wengi washirikiane kompyuta moja, kwamba mamlaka kamili ya mwenyeji yaliandikwa katika fasili yake, na kwamba juhudi za kumlinda mgeni dhidi ya mwenyeji zilikuja kuwa vichakato vya kuuzwa baada ya nusu karne. Mgeni aweza kuzificha habari zake kwa watu wa njiani, na akijitahidi aweza kumwachia mwenyeji mafumbo tu katika waya. Lakini penye kichakato cha kawaida, mwenyeji aliyeamua kuchungulia atachungulia.

Kwa hiyo kila tunapotafsiri sentensi yenye neno siri, usalama au faragha katika fani hii, tujiulize kwanza: dhidi ya nani? Matini isipotaja, mtafsiri asijaze pengo kwa ukarimu wake. Aandike kilichoandikwa, na ikibidi amwarifu mwenye matini kwamba pana jambo halikusemwa. Walimu nao wawafundishe wanafunzi swali hilo pamoja na istilahi zenyewe. Istilahi tulizozitaja hapa ni mapendekezo, na tunawaomba wasomaji wanaofanya kazi na matini za namna hii, katika ofisi, mahakama na madarasa, watuletee maoni yao na mifano waliyokutana nayo, ili maneno haya yapimwe kwa matumizi kabla hayajasanifiwa.